Dawa ya Redio ya Uongo
Mwaka 1994, redio RTLM ilichochea mauaji nchini Rwanda. Mwaka 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Lakini wakimbizi waliokwisha kuvuka mpaka hawakuweza kungoja hukumu miaka tisa. Mwaka uleule wa 1994, waandishi kutoka Uswisi walianzisha Radio Agatashya mjini Bukavu, wakawapa habari bila uchochezi. Dawa ya redio ya uongo haikuwa ukimya. Ilikuwa redio ya kweli.

Leo ukisikia kambini kwamba posho imekatwa au watu watarudishwa kwa nguvu, uliza: nani kasema? Lini? Usipopata jibu, usisambaze. Tuletee swali hilo, tulifuatilie.