Damu Peke Yake Haikimbii

Mwezi Septemba mwaka 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Baada ya kilomita 42 na ushei, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo mshindi ajulikane.

Kila ushindi wa namna hii huzua maneno tuliyoyazoea: watu wa Afrika Mashariki wamezaliwa na mbio, ni damu tu. Je, ni damu tu?

Tusikatae kwamba urithi una sehemu yake. Eero Mäntyranta wa Finland, bingwa wa mbio za kuteleza juu ya theluji, alipata medali mbili za dhahabu kwa mbio zake peke yake katika Olimpiki ya mwaka 1964. Damu yake ilikuwa na chembe nyekundu nyingi mno, hata watu wakamshuku. Mwaka 1993 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ukoo wake. Miongoni mwa jamaa karibu 100 waliopimwa, wapatao 30 walikuwa na badiliko moja la jeni linaloufanya mwili utengeneze chembe nyekundu kwa wingi, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Naam, alizaliwa na bahati. Lakini wengi wa jamaa zake wenye bahati ile ile hawakupata medali yoyote.

Iko pia jeni iitwayo ACTN3, inayotengeneza protini ya misuli ya kasi. Mwaka 2003 wachunguzi wa Australia walionyesha kwamba wakimbiaji hodari wa mbio fupi karibu wote wana protini hiyo, ilhali kwa watu wa asili ya Ulaya mmoja katika kila watano hivi hana. Walipopimwa Wakenya, ikaonekana kwamba karibu kila mtu anayo, mwanariadha na asiye mwanariadha. Basi jeni hiyo haiwezi kumtenga bingwa wa Iten na mama anayeuza mboga kando ya barabara anayofanyia mazoezi.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi yako makampuni yanayopima mate ya mtoto, kisha yakamwambia mzazi mchezo unaomfaa. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja kwamba vipimo hivyo havifai kutafutia vipaji, na kwamba watoto wasipimwe kwa ajili hiyo. Mzazi mwenye fedha za kipimo na amnunulie mwanawe viatu.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Tukishaamini kwamba ushindi ni damu, hatutaona haja ya kulipa makocha wala kulinda viwanja. Uwanja wa shule utajengwa fremu za maduka, nasi tutakaa tukingoja damu ilete medali. Na yule binti aliyeshindwa mbio zake za kwanza ataambiwa kwamba hakuzaliwa nazo, arudi nyumbani.

Tumtazame Simbu mwenyewe. Mwaka 2016 huko Rio alikuwa wa 5. Mwaka 2017 huko London alipata shaba. Kutoka shaba ile hadi dhahabu ya Tokyo ni miaka minane, na jeni zake ni zile zile alizozaliwa nazo. Kilichoongezeka ni kilomita alizokimbia alfajiri, watu waliomsaidia, na moyo wa kutokata tamaa.

Ndugu wasikilizaji, mbegu njema ni neema. Lakini shamba lisilopaliliwa halimjui mwenye mbegu njema.