Mstari Uzungukao Umbo: Mada juu ya Kufunza Uchoraji wa Pande Tatu



Ada ya semina humtaka msemaji abainishe kauli yake tangu mwanzo, nami sitaihalifu. Nasema ya kwamba mwanafunzi atakaye kuchora umbo lenye urefu, upana na kina asianzie kwenye ukingo wa kitu, bali aanzie kwenye mistari ipitayo juu ya mwili wake, ikipanda pale mwili upandapo na kuzama pale uzamapo. Ukingo hutuarifu kitu kinakomea wapi. Mistari hiyo ndiyo itujulishayo jinsi kinavyogeuka kabla ya kukoma.

Sisi tuliolelewa pwani tunalijua kawa la kufunikia chakula, ambalo ukili wake hushonwa mzunguko baada ya mzunguko kutoka kileleni hata mdomoni. Ukilichora kwa mistari miwili ya ubavuni na mmoja wa chini, umepata pembetatu tu. Lakini ukiongeza mizunguko michache ya ukili, kila mmoja na upinde wake, pembetatu ile hufura mara moja ikawa kawa, bila ya haja ya rangi wala kivuli.

Upinde huo una kanuni zake. Mviringo uliolala sawasawa na usawa wa macho huonekana mstari mnyoofu. Ulio chini ya macho, upande wake ulio karibu nasi hupinda kwenda chini. Na ulio juu ya macho hupinda kwenda juu. Na kadiri uwavyo mbali na usawa wa macho, ndivyo duaradufu yake izidivyo kupanuka. Tena, mistari iliyogawanywa kwa nafasi sawa juu ya kitu chenyewe hukaribiana karatasini pale uso wa kitu unapotugeukia ubavu, mithili ya kontua za ramani zisongamanavyo penye mteremko mkali. Na mstari ufikapo ukingoni usikatwe ghafla, bali uzungushwe kidogo, ili mtazamaji ayakinishe kuwa safari yake inaendelea upande wa nyuma.

Mji huu wa Stockholm, tunamofanyia semina hii, una hazina kubwa ya kutufaa katika elimu hii. Akademia ya Kifalme ya Sanaa ilianza mwaka 1735 kama darasa la uchoraji, chini ya Mfaransa Guillaume Taraval, wakati Kasri la Mfalme lilipokuwa likijengwa na kupambwa. Na mwaka 1741 Carl Gustaf Tessin, aliyekuwa balozi wa Sweden mjini Paris, alinunua katika mnada wa mali ya marehemu Pierre Crozat, mkusanyaji wa sanaa, michoro zaidi ya 2,000, ambayo sehemu yake kubwa imo leo katika jumba la makumbusho la Nationalmuseum mjini humu. Anayechungua michoro ya kalamu ya mabingwa wa zamani mara nyingi ataona kuwa hata vistari vya kivuli havikutupwa ovyo, bali vimefuata mzunguko wa mkono au paja, vikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Huenda mtu akapinga kwa mfano wa mchoraji Anders Zorn, aliyesoma katika Akademia hiyo hiyo tangu 1875 hata 1881, ambaye katika picha zake za kuchongwa kwa asidi alipiga mistari ya mshazari, sambamba, isiyojali mzunguko wa mwili, na bado nyuso zake zikatoka hai. Ni kweli, lakini Zorn alilitegemea pambano la nuru na giza, na kuipima nuru ni elimu ya pili, impasayo mtu ambaye mkono wake umekwisha kulijua umbo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi auzungushie uzi mkono wake wa kushoto mahali kadhaa, kisha auchore uzi peke yake, mkono akiuacha. Pili, tuwapeleke wanafunzi kwenye bustani ya sanamu ya Millesgården, kisiwani Lidingö, wakaichore sanamu ya mchongaji Carl Milles iitwayo Mkono wa Mungu, ambayo kwa kuwa iko juu ya nguzo ndefu, mizunguko ya vidole vyake haina budi kuchorwa kwa jicho la mtu aliye chini. Mchoro uhesabiwe kuwa sahihi ikiwa mtu asiyekuwapo ataweza kuutazama na kusema mchoraji alisimama wapi.