CHAKULA CHA NGURUWE TUNACHO HAPA HAPA MANDEWA
(Mazungumzo ya Katibu kwa wanachama wa ushirika)

Maneno haya yalisemwa mkutanoni. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani, na kwa wale waliosikia wakasahau.



Nimepewa kazi ya kusema juu ya chakula cha nguruwe. Najua wengine mkisikia jina hili mnacheka, mnasema kitimoto. Chekeni, lakini mkimaliza sikilizeni, maana ada za shule za watoto wengi hapa zinatoka bandani kwa mnyama huyo huyo. Na majirani zetu Waislamu wasione hayawahusu. Mbele kidogo mtaona yanawahusu sana.

Tatizo letu ni hili. Nguruwe wetu wengi wamedumaa. Mtu ana nguruwe wa miezi kumi, lakini ukimtazama ni sawa na wa miezi minne. Tumbo kubwa, mgongo mwembamba, manyoya yamesimama. Mwenye mali anasema mbegu mbaya. Mbegu ina sehemu yake, na minyoo ina sehemu yake, sikatai. Lakini nguruwe aliyetunzwa sawasawa anafika kilo 60 au 70 katika miezi saba au minane. Wetu hafiki kwa sababu anashindishwa pumba tupu tangu Januari hadi Desemba, na siku pumba ikiisha anafunguliwa mlango aende akajitafutie.

Ng'ombe ukimpa majani makavu anaishi. Ana tumbo la vyumba vinne, na ndani mna vijidudu vinavyomsaidia kuyasaga majani yawe chakula. Nguruwe hana kitu hicho. Tumbo lake ni moja, kama langu na lako. Kwa hiyo ukitaka kujua nguruwe anahitaji nini, jiulize wewe unahitaji nini. Katika darasa la watu wazima tulifundishwa mafungu matatu: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, na vyakula vya kulinda mwili. Nguruwe naye ni hayo hayo matatu. Pumba ni fungu la kwanza. Mtoto ukimlisha ugali mtupu mwaka mzima anapata utapiamlo hata kama anashiba kila siku. Basi nguruwe wetu wana utapiamlo.

Sasa fungu la kujenga mwili tulipate wapi? Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mkoa wetu wa Singida unajulikana nchi nzima kwa alizeti. Tunalima, tunavuna, tunapeleka kwenye mashine za kukamua, tunarudi na madumu ya mafuta. Na yale mashudu? Tunayaacha pale pale mashineni, au tunayauza siku hiyo hiyo kwa bei yoyote. Magari yanayabeba kwenda mbali, mengine hata Kenya, wakalishe mifugo yao. Halafu kiangazi kikikaza tunakwenda dukani kununua mashudu kwa kilo, kwa bei iliyokwisha kupanda. Yaani tunanunua jasho letu wenyewe.

Mashudu ya alizeti ndiyo nyama ya nguruwe wetu. Katika kilo 100 za pumba ya mahindi, protini ni kama kilo 10 tu. Katika kilo 100 za mashudu yetu ni 20 hadi 28, kutegemea mashine imekamua namna gani. Nguruwe anayekua anahitaji chakula ambacho katika kilo 100 mna protini kilo 15 au 16, na mdogo aliyetoka kuachishwa ziwa anahitaji 18 au zaidi. Kwa hesabu hiyo pumba peke yake haiwezi kufika hata ukimjazia pipa.

Lakini msije mkakimbilia kumpa mashudu matupu. Mashine zetu hukamua alizeti na maganda yake, kwa hiyo mashudu yana makapi mengi, na tumbo la nguruwe, hasa mdogo, linashindwa. Tena yamepungukiwa aina moja ya protini ambayo wataalamu huiita laisini. Hiyo inapatikana kwa wingi kwenye dagaa. Ndiyo maana tunachanganya.

Mchanganyo wenyewe kwa nguruwe wanaokua ni huu, mwenye kalamu aandike. Pumba ya mahindi kilo 65. Mashudu ya alizeti kilo 25. Dagaa waliotwangwa kilo 7. Unga wa mifupa kilo 2. Chumvi nusu kilo. Vitamini za mifugo za dukani nusu kilo. Jumla kilo 100. Pimeni kwa mizani, msikisie kwa debe, maana debe la pumba na debe la mashudu hayana uzito mmoja. Asiye na mahindi atumie pumba au chenga za mtama, ila zisagwe, kwa sababu punje nzima ya mtama inaingia na kutoka vile vile ilivyo. Wale wadogo wa wiki nane punguzeni mashudu, ongezeni dagaa, na sehemu ya pumba iwe unga wenyewe.

Kwa dagaa hatuhitaji wale wazuri wa kuliwa mezani. Wanaovunjika na vumbi lao wanatosha. Ila wauzaji wengine ni wajanja. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Mchanga utazama chini na utaona mwenyewe umenunua dagaa au umenunua ufukwe wa ziwa. Onja pia chumvi. Na nguruwe akikaribia kuchinjwa, wiki mbili au tatu kabla, mwondolee dagaa, la sivyo nyama itanuka samaki na mnunuzi atakukimbia. Pumba nayo ichunguzeni, kuna watu wanasagia magunzi ndani.

Kiasi cha kulisha: aliyeachishwa ziwa, nusu kilo hadi kilo moja kwa siku. Wa kati, kilo moja na nusu hadi mbili. Mkubwa wa kilo 60 kwenda juu, mbili na nusu hadi tatu. Jike mwenye mimba asizidi kilo mbili na nusu, maana akinenepa sana anazaa kwa shida. Mimba yake ni siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Akishazaa hapo msimbanie: kilo mbili za mwili wake, na robo kilo kwa kila mtoto anayenyonya. Mwenye watoto kumi anakula kilo nne na nusu. Mnamwona jike amebaki mifupa na mnasema ana ugonjwa. Ugonjwa gani? Watoto kumi wanamnyonya, na yeye amepewa kopo moja.

Fungu la kulinda mwili halihitaji fedha. Majani ya viazi vitamu, majani ya maboga na maboga yenyewe, mapapai yaliyoanguka, mchicha. Wape kila siku juu ya chakula, siyo badala ya chakula. Mlenda waachieni watoto. Viazi vitamu vidogo visivyouzika ni chakula kizuri cha kutia nguvu. Muhogo mchungu usipewe mbichi, una sumu. Umenye na uukaushe vizuri au uchemshe. Maharage pia yachemsheni kabisa. Machicha ya pombe ya mtama nguruwe anayapenda sana, nayo yana faida, lakini yawe mapya na yawe sehemu tu ya mlo. Nguruwe mlevi hanenepi.

Na maji! Hapa kwetu maji ni taabu, kila mama anajua. Lakini nguruwe asiyekunywa hali, na chumvi uliyomtilia inageuka sumu mwilini. Anayekua anataka lita tano hadi nane kwa siku. Jike anayenyonyesha anataka ndoo nzima ya lita 20, na siku za jua zaidi ya hapo. Asiyeweza kupata maji ya nguruwe wanne basi afuge wawili.

Sasa yale ya hatari. Kwanza, siyo kila mashudu ni ya nguruwe. Mashudu ya pamba yanayotoka upande wa Shinyanga ni ya ng'ombe. Yana sumu ambayo ng'ombe mkubwa huistahimili lakini nguruwe akilishwa mengi anakufa. Mbegu za nyonyo na mashudu yake msiyasogeze kabisa bandani.

Pili, mahindi yaliyoota ukungu. Tunapenda kusema "haya yameharibika, mpe nguruwe." Ukungu huo una sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, jirani zetu kabisa, kwa kula mahindi. Kama inaua mtu, itamharibu nguruwe ini, na asipokufa hatakua.

Tatu, makombo ya hotelini. Sisi wa Mandewa tuko karibu na mjini, kwa hiyo vijana wanakwenda na baiskeli kwa mamalishe na kurudi na ndoo za makombo. Ndani ya makombo mna mifupa na mabaki ya nyama ya nguruwe, na humo unaweza kukaa ugonjwa wa homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu uliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 huko Kenya. Mwaka 2007 ulifika Georgia, mwaka 2018 ukafika China na kuteketeza nguruwe wasiohesabika. Hauna dawa. Ukiingia bandani unaweza kukuachia banda tupu katika wiki moja. Binadamu haumdhuru, lakini mfuko wake unakufa. Kwa hiyo makombo yote yachemshwe saa nzima huku yakikorogwa, au yaachwe huko huko. Na ukiona nguruwe wanakufa usiuze nyama usiku usiku ili kuokoa hela, mwite bwana mifugo. Anayeuza nyama ile anapeleka ugonjwa kwa jirani.

Nne, na hili ndilo linalowahusu hata wasiofuga. Nguruwe anayefunguliwa kwenda kujitafutia chakula, anakipata wapi? Wote mnajua, sitaki kuwachefua. Mtu mwenye minyoo ya tegu akijisaidia vichakani, mayai ya tegu yamo katika kinyesi. Nguruwe anakula, na mayai yanageuka vifuko vidogo vyeupe ndani ya nyama, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva anapata tegu tumboni. Lakini mayai yenyewe, yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga isiyooshwa, vifuko vinaweza kujenga ubongoni, na mtu akaanguka kifafa. Angalieni basi: anayepata kifafa hicho huenda hajawahi kugusa nyama ya nguruwe maisha yake yote. Kule Mbulu, madaktari waliowachunguza wagonjwa wa kifafa katika hospitali ya Haydom walikuta baadhi yao wana vifuko hivyo ubongoni. Ugonjwa ambao hapa tunasema ni kurogwa! Wazee waliochimba vyoo wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 walikuwa wanafanya kazi yenye maana kuliko walivyodhani.

Kwa hiyo kumlisha nguruwe bandani ni jambo la afya ya kijiji, na ni jambo la ujirani mwema pia, maana nguruwe akiingia uani kwa jirani Mwislamu, au kwenye shamba la viazi la yeyote, magomvi yanafika hadi kwenye ofisi yangu. Lakini hatuwezi kumwambia mtu "fungia nguruwe wako" kama hana cha kumlisha. Hiyo itakuwa kelele tu. Mvua inapokwisha mwezi wa nne majani yapo bado, mavuno yapo, nguruwe anashiba. Taabu inaanza mwezi wa nane na kuendelea hadi mwezi wa kumi na mbili. Ni katika miezi hiyo mitano ambapo milango ya mabanda inafunguliwa.

Tupige hesabu. Mtu ana nguruwe wanne, kila mmoja anakula kilo mbili kwa siku. Ni kilo 8 kwa siku, kilo 240 kwa mwezi, kilo 1,200 kwa miezi mitano. Robo yake ni mashudu, yaani kilo 300. Kilo 300 tu za mashudu, zilizowekwa mapema, ndizo zinazotenganisha nguruwe wa banda na nguruwe wa kuzurura.

Pendekezo la kamati ni kwamba ushirika ununue mashudu kwa pamoja wakati mashine zinakamua kwa wingi, yaani mwezi wa sita na wa saba, na kuyahifadhi katika ghala letu. Yapangwe juu ya chaga, yasiguse ukuta wala sakafu, na gunia lenye unyevu lisipokelewe hata kama ni la Katibu. Kila mfugaji achangie kwa kadiri ya nguruwe alionao, achukue kwa mwezi, na aandikwe. Mwanachama mmoja aliuliza mkutanoni: asiyefuga nguruwe afaidike nini na fedha ya ushirika? Ni swali la haki. Kamati imejibu kwamba mashudu hayo hayo yanafaa kuku na ng'ombe wa maziwa, na kwamba fedha itakayotumika ni ya wanaojiandikisha peke yao, haitoki kwenye mfuko wa mbegu. Mwenye banda lisilo na mlango hatapewa mashudu mpaka alitengeneze. Hilo lilipingwa na watu watatu, na litapigiwa kura mkutano ujao.

Daftari la kujiandikisha liko kwa mtunza ghala. Aandikishe jina lake na idadi ya nguruwe walio bandani kweli, siyo wale anaotarajia kuzaliwa. Asiyejua kuandika afike jioni darasani, tutamwandikia, na akipenda abaki ajifunze.