Mji na Wapiga Muziki Wake

Juma lililopita tulizungumza habari za maktaba ya mji: nani huilipia na nani huitumia. Leo nataka kuwaeleza habari za kitu kingine ambacho mji huweza kuwa nacho, nacho ni ghali kuliko vitabu. Kitu hicho ni okestra, yaani kundi kubwa la wapiga muziki ambao hiyo ndiyo kazi yao, na mshahara wao watoka humo.

Ninyi mkaao Unguja na Mombasa mwaijua fidla, maana taarabu haiendi bila fidla. Chama cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianza mwaka 1905, na fidla zake zasikika mpaka leo. Sasa jaribu kufikiri, si fidla nne wala tano, bali jamii nzima ya fidla, ndogo na kubwa, mpaka ile ambayo mpigaji hana budi kusimama ili aifikie. Hizo peke yake huweza kufika hamsini. Nyuma yao wamo wapiga filimbi, na wapiga obo, ambayo ni ndugu ya zumari letu. Halafu tarumbeta za kila namna, na nyuma kabisa ngoma kubwa zenye umbo la sufuria. Mbele yao husimama mtu mmoja mwenye kifimbo, naye hapigi chombo chochote. Kwa Kiingereza mtu huyo huitwa kwa jina lile lile la yule akataye tikiti katika basi! Kazi yake ni kuwafanya watu themanini waanze pamoja, wapumue pamoja na kunyamaza pamoja. Si kazi ndogo. Jaribu na watu wanane tu.

Mfano wetu wa leo ni mji wa Manchester, Uingereza. Mji huo ulikuwa mji wa pamba. Baadhi ya kanga walizovaa bibi zetu zilichapwa katika viwanda vya huko. Na mwaka 1902 ndipo kilipoundwa huko chama cha kueneza kilimo cha pamba katika makoloni, na Uganda ilikuwa moja ya nchi hizo. Basi ule moshi wa Manchester na shamba la mkulima wa Buganda havikuwa mbali kama ramani ionyeshavyo.

Katika mji huo alikuja kukaa Mjerumani mmoja, mpiga piano, jina lake Charles Hallé. Alizaliwa mwaka 1819, akakaa Paris miaka mingi, na mapinduzi ya mwaka 1848 yakamfukuza huko. Mwaka 1857 Manchester ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa, na Hallé akatakiwa akusanye okestra ya kuwafurahisha wageni. Maonyesho yalipokwisha, ilimwuma kuona watu wale wanatawanyika. Akawaajiri yeye mwenyewe, kwa hasara yake au faida yake, na tarehe 30 Januari 1858 akaanza matamasha yake. Alitaka wafanyakazi nao waingie, si matajiri tu, basi zikawekwa nafasi za bei nafuu.

Mwaka wa kwanza yalifanyika matamasha 30. Mwishoni, baada ya gharama zote, Hallé alipewa faida yake: sarafu kumi mpya za peni tatu tatu. Pigeni hesabu wenyewe. Ni peni moja kwa kila tamasha! Mfanyabiashara yeyote angalifunga duka. Yeye aliendelea mpaka alipokufa mwaka 1895, na watu watatu wa mji wakajitolea kudhamini hasara, ili okestra isife pamoja naye. Mwaka 1899 kikaundwa chama cha kuisimamia, na okestra yaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Sasa sikilizeni habari za mwaka 1943, ambazo mimi naziona ndizo kiini cha somo hili. Vita vilikuwa vimepamba moto. Jumba la Hallé, liitwalo Free Trade Hall, lilikuwa limeteketea kwa mabomu mnamo Desemba 1940. Vijana wengi walikuwa jeshini. Zaidi ya hayo, wapiga muziki wa Hallé walikuwa hawana kazi ya mwaka mzima. Zamani walilipwa majira ya baridi tu, na wakati wa joto walikwenda kupiga katika miji ya pwani ili wapate kula. Wengi wao sasa walikuwa wanashirikiwa na okestra ya redio. Wakuu wa Hallé wakaamua kwamba okestra iwe ya mwaka mzima, na kila mtu achague upande mmoja. Kati ya wale wa kushirikiwa, wanne tu walichagua Hallé. Msiwalaumu waliobaki. Mtu mwenye watoto hufuata mshahara ulio na hakika.

Basi akaitwa John Barbirolli, mzaliwa wa London mwenye asili ya Kiitaliano, ambaye alikuwa akiongoza okestra kubwa ya New York. Akavuka bahari ya Atlantiki katikati ya vita, na alipofika Manchester mwezi wa Juni hakukuta okestra, alikuta mabaki yake. Siku ya tamasha la kwanza ilikuwa imekwisha kutangazwa, na ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja. Akaketi kuwasikiliza watu, mmoja mmoja, kutwa nzima, siku baada ya siku. Akamchukua mvulana wa shule kuwa mpiga filimbi wa kwanza. Akamchukua mwalimu wa kike kupiga baragumu. Akachukua watu wa bendi za mitaa, na akachukua wanawake wengi. Tarehe 5 Julai 1943, katika mji wa Bradford, watu hao wakapiga tamasha lao la kwanza. Barbirolli alikuwa na okestra hiyo mpaka alipofariki mwaka 1970.

Nadhani hapo mwaona jambo moja. Vipaji vilikuwapo mjini siku zote, katika shule na katika bendi. Kilichokosekana ni mtu wa kuvisikiliza na fedha ya kuvishika.

Kwa kuwa jumba lilikuwa gofu mpaka mwaka 1951, walipiga popote: katika ukumbi wa kanisa, na katika ukumbi mkubwa wa Belle Vue, mahali pa sarakasi, jirani na wanyama wa kufugwa kwa maonyesho. Watu walikwenda kwa maelfu.

Fedha ilitoka wapi? Tiketi hazitoshi, na hazijatosha popote. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda baraza la kusaidia sanaa. Mwaka 1948 ikatoka sheria iliyoruhusu halmashauri za miji kutumia sehemu ya kodi ya majumba, mpaka peni sita katika kila pauni ya kodi hiyo, kwa ajili ya burudani ya watu. Hivyo hata mzee asiyekwenda kusikiliza fidla alichangia kidogo. Ni haki? Hapo ndipo penye ubishi, na mimi sitaki kuufunika. Mwaka 1998 Hallé ilikaribia kufilisika kabisa. Watu wakaombwa michango, zikapatikana kama pauni milioni 2. Lakini pia wapiga muziki wenye mkataba wakapunguzwa kutoka 98 hadi 80. Watu kumi na wanane ni familia kumi na nane.

Siku hizi okestra ina jumba jipya, lililofunguliwa mwaka 1996, na tangu mwaka 2013 hufanya mazoezi katika kanisa la zamani lililotengenezwa upya huko Ancoats, mtaa uliokuwa wa viwanda vya pamba. Ina kwaya ya watu wazima, ambao huimba bila mshahara, tena ina kwaya ya watoto na okestra ya vijana. Huo ndio upande ninaoupenda zaidi. Mtoto ajifunzaye fidla aweza kumwona kwa macho yake mtu ambaye fidla humlisha.

Sasa kazi ya vikundi vyenu, kabla hatujakutana tena. Swali la kwanza: katika mji au kijiji chenu, ni watu gani wanaopiga muziki vizuri, nao hula kwa kazi gani? La pili: halmashauri yenu ikiwa na fedha kidogo iliyobaki, na zahanati yahitaji paa, je, kundi la muziki lipewe cho chote? Mmoja wenu aseme ndiyo, mwingine aseme hapana, na katibu aandike sababu za wote wawili. Leteni majibu kwa barua, nami nitayasoma hapa juma lijalo.