Pikipiki Mpya: Siku ya Kwanza ni ya Spana

Maelezo ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wainjilisti, wahudumu wa afya wa jamii na viongozi wa vikundi waliofika Nanganga kupokea pikipiki.



Tunawashukuru kwa kufika. Tunajua wapo waliotoka Newala alfajiri, na wapo waliolala Masasi ili wawahi. Tunajua pia kwamba kila mmoja wenu ameshaitazama ya kwake pale chini ya mwembe, na nailoni bado iko kwenye kiti. Mlitegemea tusome neno fupi, tupige picha, tuwape funguo. Funguo mtapata, lakini si asubuhi hii.

Tueleze sababu. Kundi la kwanza la pikipiki tuliligawa kwa haraka. Zilifungwa dukani jioni moja, zikapakiwa kwenye fuso, na kesho yake mchana tukazikabidhi. Sisi wa ofisini tulisoma namba ya injini na namba ya chesisi, tukasaini hati, tukapiga picha. Hakuna aliyegusa nati hata moja. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja, mwinjilisti, alikuwa anateremka kutoka Newala kuja Masasi na mzigo wa vitabu nyuma. Nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu, na kipini cha kuizuia hakikuwekwa. Gurudumu likasogea, cheni ikachomoka na kujikunja, gurudumu likagoma kwenye kona. Alivunjika mguu sehemu mbili. Leo anatembea, lakini kwa fimbo, na pikipiki haendeshi tena. Tulipokwenda kumwona akiwa kitandani alituuliza, "Ile pikipiki mliikagua?" Hatukuwa na la kumjibu. Fundi aliyeifunga ana lake, lakini hati inayosema imepokelewa ikiwa katika hali nzuri ina saini yetu.

Ndiyo maana leo tumeleta mkeka na spana.

Kwanza tusizidharau pikipiki hizi kwa sababu ya bei yake. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako oili hucheleweshwa na matengenezo ni ya kubahatisha. Badala ya kutumia cheni nyembamba ndani ya injini kuendesha valvu, waliweka vijiti vya chuma vinavyozisukuma. Ni kitu cha kizamani kidogo, lakini ni kivumilivu. Viwanda vingi vya China vilijenga injini zao kwa kufuata mfano huo, na ndizo hizo zilizoko nje. Mchoro ni mzuri, basi. Bei imepunguzwa kwingine: kwenye nyaya, mipira, betri, na muda wa kukaza nati. Nyaya na betri mtabadilisha kadiri mnavyoendelea. Nati tunakaza leo.

Pikipiki hutoka kiwandani ikiwa ndani ya sanduku, haijakamilika. Gurudumu la mbele, usukani, betri na vioo hufungwa huku kwetu. Kwa hiyo tutaanza na ekseli zote mbili na vipini vyake, halafu usukani, shokapu, bolti zinazoshika injini kwenye chesisi, ekzosi, na mwisho keria, maana sote tunajua keria ya huku hubeba nini. Spoki tutazigonga moja moja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti ya kufa, hata sikio lisilozoea litaisikia. Cheni ikiguswa katikati upande wa chini, icheze sentimita 2 hadi 3. Zungusheni gurudumu na kupima tena mahali pengine, kwa sababu cheni huwa haikazi sawa pande zote. Ikikazwa kama waya wa gitaa itakula beringi na sproketi, na ikining'inia itatoka. Breki tutazijaribu kwa kusukuma pikipiki kwa mkono, injini ikiwa imezimwa.

Oili. Hapa tunaomba tusikilizane. Simamisheni pikipiki wima, si kwa stendi ya pembeni. Fungueni kijiti cha kupimia, kifuteni, kichomekeni bila kukizungusha, kisha msome. Injini hizi huchukua takriban lita 1 tu. Oili hiyo hiyo inalainisha injini, gia na klachi, kwa hiyo nunueni oili ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Na wale wazee wetu waliowahi kuendesha pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli, tunawaheshimu, lakini hizi hazichanganywi.

Oili ya kwanza mwageni baada ya kilomita 300 hadi 500, hata kama inaonekana safi. Imwageni kwenye beseni, juani. Mtaona inameta. Kumeta huko ni chembe za chuma, maana vyuma vipya vinasagana mpaka vizoeane. Mkiiacha humo, chembe hizo zinaendelea kusaga. Katika kilomita hizo za mwanzo msivute mafuta hadi mwisho, msikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, na msibebe mishikaki. Tunasikia vicheko huko nyuma. Wanaocheka ndio tunaowasema.

Sasa pikipiki ikigoma njiani. Hapa tuanze na aibu yetu wenyewe. Siku moja tulikuwa wawili, tunatoka kutembelea kikundi, pikipiki ikazimika mara tu baada ya kuvuka kijito. Tukapiga kiki mpaka mguu ukauma. Tukaamua kwamba maji yameingia kwenye plagi, tukaisukuma kwa zaidi ya saa moja hadi hapa Nanganga njia panda. Kijana mmoja wa bodaboda akaitazama, akabonyeza swichi nyekundu kwenye usukani, ikawaka kwa kiki ya kwanza. Goti au mfuko ulikuwa umeigusa. Hakutudai hata shilingi moja, ila alitutazama kwa huruma.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote: swichi nyekundu, ufunguo, koki ya mafuta, na mafuta yenyewe. Koki ina sehemu tatu, kufunga, kufungua na akiba. Mkifika kwenye akiba, jazeni mapema na kuirudisha koki mahali pake, la sivyo safari ijayo hamtakuwa na akiba.

Hayo yakiwa sawa, fungueni plagi. Ichomekeni kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini, mbali na tundu ilikotoka na mbali na petroli, kisha mwenzako apige kiki. Cheche ya bluu inayosikika ikigonga ni njema. Kama hakuna cheche, wekeni plagi mpya kabla ya kulaumu mfumo wa umeme. Rangi nayo ina maana. Plagi ya kahawia ina afya. Nyeusi yenye masizi inaeleza kwamba mafuta ni mengi au hewa haipiti. Iliyolowa petroli inaeleza kwamba mmepiga kiki mno, iacheni ikauke.

Upo ugonjwa mmoja unaowasumbua sana watu wa vumbi kama sisi. Pikipiki inakwenda vizuri kilomita chache, inazimika, mnapumzika, inawaka, inazimika tena. Fungueni kifuniko cha tangi. Mkisikia mlio wa hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikapona, tundu dogo la kifuniko limeziba. Sindano inatosha. Tumewahi kuona kabureta ikifunguliwa mara tatu kwa ajili ya tundu hilo.

Na kabureta, tunawasihi, si mahali pa kukimbilia. Injini ikikohoa kijana anashika bisibisi na kuzungusha skrubu, na anaposahau ilikokuwa, matatizo yanakuwa mawili. Tazameni kwanza chujio la hewa. Kuanzia Juni, wakati mikorosho inapulizwa salfa na barabara zimekauka, lisafisheni kila wiki. La sponji huoshwa kwa sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi hukung'utwa tu. Kulitoa na kuendesha bila chujio ili "ipate nguvu" ni kuilisha injini mchanga.

Petroli ya chupa nayo tuiseme. Zamani walanguzi walichanganya petroli na mafuta ya taa, kwa kuwa ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida hiyo iondoke. Hali ilibadilika, lakini chupa iliyokaa juani kando ya barabara bado hupata maji na uchafu. Tunajua vijiji vingine havina kituo karibu. Basi jazeni Masasi au Newala mnapopita, na mkilazimika kununua ya chupa, ichujeni kwa kitambaa safi, mbali na moto.

Kupima nafasi ya valvu msifanye wenyewe kwa kukisia. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo, injini ikiwa imepoa.

Jambo la mwisho ni la fedha, na linatuhusu sisi zaidi. Katika bajeti ya kundi la kwanza tuliandika bei ya pikipiki, usajili na bima. Hatukuandika siku ya fundi, wala oili ya kwanza, wala spana. Mfadhili hakukataa, hatukumwomba. Pikipiki mbili za kundi lile zimefunikwa turubai nyuma ya ofisi hadi leo. Safari hii kila pikipiki ina mfuko wake: spana, plagi ya akiba, waya wa klachi, tyubu, lita 1 ya oili kwa ajili ya ile mwagio ya kwanza, kofia ngumu mbili na daftari. Katika daftari mtaandika kilomita na kilichofanyika, hata kama ni kukaza nati moja. Tutakapopita baada ya miezi mitatu tutalisoma daftari kabla hatujaitazama pikipiki.

Tutoke nje sasa. Tukae wawili wawili kwa kila pikipiki, mmoja akaze, mwingine ahakiki na kusaini. Mama wa kikundi wasisimame pembeni. Spana namba 17 haichagui mkono. Tutaanza na ekseli ya nyuma.