Mawimbi ya Kurudi: Bahari Ndani ya Kompyuta

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana penseli na karatasi. Leo nahitaji pia beseni pana la maji, kokoto moja, na makumbi ya nazi. Mtu wa Tanga, Pangani au Mkinga hana udhuru wa kukosa makumbi.

Tieni maji katika beseni, ngojeni yatulie, kisha angusheni kokoto katikati. Tazameni duara la wimbi linavyokwenda mpaka ubavuni mwa beseni. Jee, linaishia hapo? Haliishii. Linagonga, linarudi, linakutana na maduara yanayokuja nyuma yake, na maji yote yanavurugika. Jambo hili hili mtaliona Pangani, penye ukuta wa bahari, maji yakijaa. Lakini penye mchanga ulioinama polepole, au penye mikoko, wimbi hufa taratibu, na linalorudi ni kidogo sana.

Sasa twende bandarini Tanga. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, na shehena ikaletwa pwani kwa matishari. Katika maboresho ya miaka ya karibuni kina kiliongezwa hadi mita 13, ikajengwa na gati ya mita 450, ili meli zifunge hapo hapo. Meli iliyofungwa ikichezacheza mno, kamba hukatika, na kamba ya meli ikikatika yaweza kumwua mtu aliyesimama karibu. Kwa sababu hii mainjinia wa bandari, popote duniani, hutaka kujua mapema mawimbi gani yatafika gatini. Hawawezi kungoja dhoruba iwafundishe. Hutengeneza mfano wa bahari ndani ya kompyuta.

Kompyuta haijui maji. Inajua hesabu tu. Basi bahari hukatwa vyumba vidogo vidogo, kama karatasi ya mirabaraba. Tuseme kila chumba kina mita 5 kwa mita 5. Kila chumba huuliza vyumba jirani: maji yenu yamepanda kiasi gani? Kisha hupiga hesabu ya maji yake mwenyewe, tena na tena, kila sehemu ya sekunde. Hivyo wimbi husafiri katika karatasi.

Shida iko ukingoni. Chumba cha mwisho hakina jirani upande wa nje. Kompyuta isipoambiwa la kufanya, mara nyingi hesabu yake huwa kana kwamba pale pana ukuta. Wimbi lililokuwa likienda zake kuelekea Pemba linagonga ukuta usiokuwapo, linarudi gatini!

Andikeni hesabu hii. Wimbi refu, katika kina cha mita 10, huenda karibu mita 10 kila sekunde. Twapataje? 10 mara 9.8 ni 98. Tafuteni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 98. Ni pungufu kidogo ya 10. Ikiwa karatasi yetu inaishia mita 2,000 kutoka gatini, wimbi lililogonga gati litafika ukingoni kwa sekunde 200, na litarudi baada ya sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Tangu hapo hesabu imechanganyika na uongo. Pengine itaonyesha mawimbi makubwa kuliko ya kweli, fedha zikapotea bure. Pengine wimbi la uongo litakutana na la kweli yakafutana, na mahali pa hatari pakaonekana shwari. Mimi naliogopa zaidi hili la pili.

Mwingine atasema, ongezeni karatasi. Hesabuni basi: mita 2,000 kwa 2,000 ni vyumba 160,000. Mkizidisha kila upande mara mbili, vinakuwa 640,000, na wimbi bado litarudi, ila limechelewa.

Dawa ya kwanza ni kukiambia chumba cha mwisho kwamba wimbi linapita na kwenda zake. Kanuni ya namna hii ilitolewa na Mjerumani Arnold Sommerfeld mwaka 1912, kabla ya kompyuta. Inafaa sana wimbi likija moja kwa moja. Likija kwa mshazari, sehemu yake hurudi. Mwaka 1977 Engquist na Majda walitoa kanuni zilizo bora kwa mawimbi ya mshazari.

Dawa ya pili ndiyo kazi ya makumbi yenu. Yapangeni kuzunguka ubavu wa beseni, angusheni kokoto tena. Duara linaingia katika makumbi na kupotea. Lakini angalieni: nilipojaribu mara ya kwanza niliyashindilia kwa nguvu, nikidhani mengi ni bora, na mawimbi yakarudi kama zamani, kwani nilikuwa nimejenga ukuta wa makumbi. Yawe machache upande wa ndani, yazidi kidogo kidogo kuelekea ubavuni. Ndani ya kompyuta ni vivyo hivyo: katika vyumba vya karibu na ukingo maji hupunguzwa nguvu kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi. Upana wake usiwe chini ya urefu wa wimbi moja. Wimbi la sekunde 10, katika kina cha mita 10, lina urefu upatao mita 90. Kwa hiyo vyumba 18 au zaidi.

Makumbi hayo yasiwekwe gatini. Ukuta wa gati ni ukuta kweli, na mawimbi yake ya kurudi yanatikisa meli kweli. Mwenye kuyafuta pale pia amedanganya.

Kazi ya juma hili: kina ni mita 40, na ukingo uko mita 4,000 kutoka gatini. Wimbi refu litarudi baada ya sekunde ngapi? Mwonyesheni mwalimu wa darasa lenu hesabu, na njia mliyopitia.