Juu ya Msaada Wetu kwa Ndugu wa Mata

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema baada ya Mweka Hazina. Hesabu mmekwisha kuzisikia, nazo zimekaguliwa, kwa hiyo hatutazirudia. Kazi yetu ni kueleza jambo moja ambalo hesabu hazilisemi. Fedha tulizotuma Mata katika miaka hii miwili zilitumika kama mlivyoagiza. Stakabadhi zote zipo, wala haikupotea hata senti moja. Na pamoja na hayo, ndugu zetu wa Mata hawakuvuna kitu. Yafaa tulitazame jambo hili bila kuona haya, maana chama kinachoficha kosa lake hulirudia.

Wengi wenu mwaijua Mata, na baadhi yenu mlizaliwa huko. Kwa vijana waliokulia Mombasa na Nairobi, twasema kwamba Mata imo katika Taveta, pande za Ziwa Jipe, nchi ya tambarare na joto, si ya ukungu kama Wundanyi. Hapo jirani pana Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Hifadhi za Tsavo, zilizotengwa tangu mwaka 1948, zimechukua yapata asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti yetu nzima. Katika sensa ya mwaka 2021, ndovu wa nchi ya Tsavo walihesabiwa karibu 15,000. Basi mkulima wa Mata analima mpakani na jirani mwenye nguvu, ambaye hapigi hodi.

Mwaka juzi, baada ya ukame, mlichanga kwa moyo mkunjufu. Tulinunua mbegu za mahindi, kunde na pojo, tukazigawa kwa orodha, wajane wakitangulia. Mvua ilinyesha, mimea ikaota vizuri. Mahindi yalipoanza kubeba, ndovu waliingia usiku, na asubuhi palibaki nyayo na mabua. Mwaka jana tulifanya vilevile, kwa orodha ileile, na ndovu wakarudi kwa njia ileile. Mzee mmoja wa huko alituambia kwa upole kwamba chama chetu kinajitahidi sana kuwalisha ndovu, akauliza kama nao wamekwisha kuandikwa uanachama. Tulicheka pamoja naye, lakini tulipofika ofisini na kufungua daftari hatukucheka tena.

Wengine watauliza: Je, sheria haipo? Ipo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya kudai fidia mtu ambaye mazao yake yameharibiwa, na mtu akiuawa jamaa zake waweza kudai shilingi milioni 5. Sisi wa ofisi tumeandika barua nyingi za madai kuliko barua za namna nyingine yoyote, na tutaendelea kuziandika, kwa kuwa haki haiachwi. Lakini fomu haipikwi chunguni. Fidia, hata ikija mapema, humkuta mtu amekwisha kupata hasara, na sisi twatafuta njia ya kumwepusha na hasara yenyewe.

Kwa sababu hiyo Halmashauri iliamua tusinunue mbegu mara ya tatu kabla ya kuona wenzetu wanafanyaje. Wajumbe watano, watatu wakiwa wakulima wa Mata, na wawili kati ya hao akina mama, walisafiri kupitia Maktau, Bura na Mwatate hadi Voi, kisha wakaenda Sagalla. Huko, tangu mwaka 2009, shirika la hisani liitwalo Save the Elephants limekuwa likifanya kazi pamoja na wakulima chini ya uongozi wa Daktari Lucy King. Msingi wa kazi hiyo ni jambo ambalo warina asali walilijua kabla ya wataalamu: ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humchoma kandokando ya macho na ndani ya mkonga, na maumivu hayo hayasahau.

Ua wenyewe si wa fahari. Nguzo husimamishwa kuzunguka shamba, na baina ya nguzo huning'inizwa mzinga, kisha ubao ulio mfano wa mzinga, kisha mzinga tena, kila baada ya mita 10, na vyote huunganishwa kwa waya. Shamba la eka moja huhitaji mizinga 12 na mbao 12. Ndovu akija usiku akausukuma waya ili apite, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa ghadhabu, naye hugeuka akaenda zake. Mchana nyuki haohao huchavusha mimea, na asali ikiiva mkulima hurina, akala na kuuza.

Wajumbe wetu hawakurudi na sifa tupu. Uchunguzi wa miaka 9 kule Sagalla, uliochapishwa mwaka 2024, ulihesabu karibu mara 4,000 ambazo ndovu walizikaribia nyua hizo. Katika misimu ambayo mazao yalistawi, ndovu hadi 86 katika kila 100 waligeuzwa. Asali iliyouzwa ilikuwa yapata tani moja, nayo iliingiza kiasi cha dola 2,250 za Marekani. Kwa mashamba mengi na miaka mingi, huo si utajiri. Faida kubwa ni mahindi yaliyobaki shambani.

Uchunguzi uleule unasema pia lisilopendeza. Ukame wa mwaka 2017 uliwaondoa nyuki: mizinga yenye nyuki ilipungua kwa robo tatu, na mavuno ya asali yaliumia kwa miaka mitatu baadaye. Nyuki ni kiumbe kama sisi. Asipopata maji na maua huhama. Twawaambieni haya makusudi, ili asiwepo atakayesema hapo baadaye kwamba alishawishiwa kwa maneno matamu. Ua wa nyuki si dawa ya kila ugonjwa, na usipotunzwa hubaki nguzo na waya tu.

Lakini lililowagusa wajumbe wetu zaidi ni taratibu ya kazi. Mama mmoja mwenye shamba aliwaeleza kwamba waya ukilegea hamngoji mtu kutoka mjini; huukaza mwenyewe, maana mahindi ni yake. Amepanda alizeti, apate mbegu na nyuki wapate maua. Akina mama wa hapo hukutana pia kusuka vikapu vya mkonge na kushona, ili mwaka wa asali haba usiwe mwaka wa njaa. Wajumbe wetu walijiuliza njia nzima ya kurudi: kwetu Mata kuna nini kati ya haya ambacho hatuna? Mkonge tunao. Mikono ya kusuka tunayo. Soko la Taveta, siku ya Jumatano na siku ya Jumamosi, hukusanya wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka. Kilichokosekana ni mtaji wa kuanzia na mtu wa kuufuata mtaji huo.

Hivyo basi, Halmashauri inauleta mbele yenu ushauri huu.

Kwanza, fungu lililokuwa la mbegu lijenge nyua katika mashamba machache ya Mata yaliyo upande wa njia ya ndovu. Wenye mashamba watachaguliwa na wenzao huko huko, wala si na ofisi yetu.

Pili, chama kitoe mizinga na waya. Nguzo, mashimo na ulinzi viwe kazi ya wenyewe na majirani zao. Mtu asiyechimba shimo hatazuia kilichosimama ndani yake kisianguke.

Tatu, mizinga iwe mkopo wa asali. Kila mavuno, sehemu itengwe iuzwe, na fedha zake zijenge ua wa shamba la jirani, mpaka duara litimie. Mwaka wa ukame mkopo usidaiwe, ila daftari liandikwe kama kawaida.

Nne, jina la mwenye mzinga liandikwe kuwa la yule anayeutunza. Wazee wetu mtuwie radhi tukilisema hili wazi: mara nyingi anayeutunza ni mama, ilhali shamba lina jina la mumewe. Tukiacha jambo hili bila kuandikwa, asali ya kwanza italeta ugomvi nyumbani.

Tano, mizinga iwekwe mbali na nyumba, njia za watoto na mazizi ya mbuzi, na maji ya nyuki yawe karibu nayo.

Twajua kuna Wazee waliosema kwamba chama hiki kiliundwa kwa ajili ya misiba na wagonjwa, wala si kwa ajili ya biashara. Neno hilo tunaliheshimu, na mfuko wa misiba hautaguswa hata shilingi moja. Lakini tunaomba kuuliza kwa adabu: mtu ambaye shamba lake limeliwa miaka miwili mfululizo, akauza mbuzi wake, kisha akamwondoa mtoto shuleni, je, hana msiba? Tofauti ni kwamba msiba huu twaweza kuuzuia usiingie nyumbani.

Wengine wamesema afadhali kugawa chakula, kwa kuwa chakula huonekana mara moja na mtoaji hushukuriwa siku hiyohiyo. Ni kweli, na mwenye njaa leo apewe leo. Sisi wenyewe tulizipenda zile siku za kugawa mbegu: picha zilipigwa, nyimbo ziliimbwa, nasi tukarudi mjini tumefurahi. Hatukurudi kutazama mahindi yalipobeba. Hilo ndilo kosa letu, na twalikiri mbele yenu. Tulikuwa wepesi wa kutoa, wazito wa kufuata kilichotolewa.

Mkikubali, wajumbe watakwenda Mata kabla ya mvua, na katika mkutano wa mwaka ujao mtasomewa hesabu ya namna nyingine pamoja na ile ya shilingi na senti: mizinga mingapi ina nyuki, ndovu wamekuja usiku ngapi, wamegeuka mara ngapi, na magunia mangapi yameingia nyumbani. Ikiwa tumeshindwa, tutasema tumeshindwa. Mkikataa, tutaendelea kuandika barua za madai kama mlivyotutuma.

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu, uamuzi ni wenu. Twaomba kuketi.